Injini haijatulia, modeli ndiyo iliyosinzia: namna ya kuiga mtetemo wa plazma kwenye injini ya Hall

Mwezi uliopita, saa tano za usiku, kijana niliyemfundisha fizikia kidato cha sita alinitumia picha kwenye simu. "Shikamoo Mwalimu. Ile injini imetulia." Kwenye picha kulikuwa na mstari unaopanda, unaoshuka, unaopanda tena kwa uvivu, kisha unalala kama maji ya mtungini. Nikamwitikia marahaba, halafu nikamwambia ukweli: injini haijatulia, ni modeli yako iliyosinzia. Akakaa kimya dakika mbili hivi. Kimya hicho nakijua. Nimewahi kukaa nacho mimi mwenyewe, tena mbele ya watu.

Nilitoka Tanga, nikafundisha sekondari miaka minne, kisha nikaenda Ufaransa kusoma injini za umeme za vyombo vya anga. Haya ninayoandika ni njia ambayo ningependa mtu anionyeshe mwezi wangu wa kwanza kule. Unahitaji kujua Python ya kawaida na kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Laptopu ya mtumba inatosha.

Injini yenyewe kwa ufupi

Injini ya Hall ni mfereji wa kauri uliozunguka kama bangili nene. Chini ya mfereji kuna anodi, yaani ncha chanya ya umeme, na hapo ndipo gesi inapoingilia, mara nyingi zenoni. Nje karibu na mdomo kuna kathodi inayotema elektroni. Sumaku imepangwa ili uga wake ukatize mfereji kutoka ukuta wa ndani hadi wa nje, hivyo elektroni zikitaka kukimbilia anodi zinanaswa na kubaki zikizunguka ile bangili. Chukua uga wa umeme wa volti 20,000 kwa mita na uga wa sumaku wa tesla 0.02, gawa: mita milioni 1 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya mzunguko. Zikizunguka hivyo zinagonga atomu za gesi na kuzigeuza ioni, yaani atomu zilizopoteza elektroni. Ioni ni nzito, sumaku haiwezi kuzipinda ndani ya sentimita chache, basi uga wa umeme unazifyatua nje. Huo ndio msukumo.

Mfano wetu utakuwa SPT-100 inayotengenezwa Kaliningrad, Urusi, kwa sababu vipimo vyake vimechapishwa sana na kila mtu anajilinganisha nao. Inatumia volti 300 na ampea 4.5, yaani wati 1,350, na inasukuma kwa milinewtoni 80 na ushee. Nguvu hiyo ni chini ya uzito wa karatasi mbili za A4. Usiicheke. Ukoo huu wa injini uliruka mara ya kwanza kwenye setilaiti ya Kisovieti ya Meteor iliyorushwa mwishoni mwa 1971, na nduguye mkubwa, SPT-140, ndiye anayesukuma chombo cha Psyche kilichoondoka Oktoba 2023 kuelekea kwenye asteroidi ya jina hilohilo.

Chagua mtetemo mmoja

Plazma, yaani ule mchanganyiko wa ioni na elektroni, haina mtetemo mmoja, ina soko zima. Elektroni zenyewe, pale zinapofika 10¹⁸ kwa mita ya ujazo, hutetemeka mara bilioni 9 kwa sekunde. Chini yake kuna mawimbi ya megahezi yanayokimbia kuzunguka bangili. Kuna ya mamia ya kilohezi yanayofuata safari ya ioni kutoka mfereji hadi nje. Kuna mawingu ya plazma yanayozunguka polepole kama spoku za baiskeli, ambayo Janes na Lowder waliyaripoti tangu 1966. Na kuna mtetemo wa kilohezi 10 hadi 30, ambapo injini nzima inavuta na kutoa pumzi, na mkondo wa umeme unapanda na kushuka pamoja nayo. Huu wanauita wa kupumua. Anza na huu. Ndio wenye nguvu kuliko yote na ndio unaosumbua pawa saplai.

Ukishauchagua, utajua pia zana gani usizishike. Wanafunzi wengi hukimbilia kuiga kila chembe moja moja, maana video zake zinapendeza. Piga hesabu kwanza. Ili kufuata ule mtetemo wa gigahezi 9 bila kuvunjika, hatua yako ya muda iwe kama sehemu 3.5 za trilioni ya sekunde. Pumzi moja ya injini ni mikrosekunde 60 hivi. Kwa hiyo pumzi moja inakula hatua milioni 17, na vijisanduku vyako, yaani vipande unavyogawia nafasi, lazima viwe vya maikromita 30 hivi. Hilo linafanyika kwenye mashine kubwa. Wewe na laptopu ya mtumba, achana nalo.

Moto na nyasi

Nyuma ya Handeni niliona mara nyingi moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Nyasi zimejaa, cheche inaanguka, moto unakimbia, unakula kila kitu, unakosa chakula, unazimika ukabaki moshi huku na kule. Kisha nyasi zinaota upya polepole. Zikishajaa, ile cheche iliyobaki inaamka.

Kwenye injini, nyasi ni gesi na moto ni ioni pamoja na elektroni zake. Gesi inaingia kwa mita 200 hivi kwa sekunde. Ioni zikizaliwa zinaondoka kwa kilomita kadhaa kwa sekunde, na mpaka zitoke nje zimefika kilomita 20. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, lakini hapa hilo dau, yaani gesi ya polepole, ndilo linalopanga ratiba ya bandari nzima: kasi ya moto pekee haikupi masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde), unahitaji zote mbili.

Mwaka 1997 Fife na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, waliandika hivi, nami nimebadilisha majina tu:

badiliko la ioni = k × ioni × gesi − ioni × Vi / L
badiliko la gesi = −k × ioni × gesi + gesi × Vg / L

k ni wepesi wa gesi kugeuka ioni, Vi ni kasi ya ioni, Vg ni kasi ya gesi, na L ni urefu wa eneo ambamo gesi inageuzwa. Ukitazama mitikisiko midogo tu, masafa yanatoka kwenye mstari mmoja: kipeuo cha pili cha (Vi × Vg), gawa kwa L, gawa tena kwa 2π.

Weka Vi mita 5,000 kwa sekunde, Vg 200, L sentimita 1. Kipeuo cha pili cha milioni moja ni 1,000. Gawa kwa 0.01 na kwa 6.28, unapata hezi 15,900. Injini halisi inapumua katika eneo hilohilo. Nilipofanya hesabu hii mara ya kwanza nyuma ya tiketi ya treni nilicheka peke yangu, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akahamisha mkoba wake.

Kabla ya kugusa kompyuta, jaza na namba nyingine kwenye karatasi. Gesi inaingia miligramu 5 kwa sekunde. Atomu ya zenoni ina uzito wa kilogramu 2.18 × 10⁻²⁵, kwa hiyo ni atomu 2.3 × 10¹⁹ kila sekunde. Mdomo wa mfereji una kipenyo cha nje cha milimita 100 na cha ndani 70, eneo kama sentimita 40 za mraba. Gawanya na kasi ya 200: msongamano wa gesi mlangoni ni 2.9 × 10¹⁹ kwa mita ya ujazo. Kwa k chukua 5 × 10⁻¹⁴, ambayo inalingana na elektroni zenye nishati ya eV (elektroni-volti) kumi na kitu hadi ishirini. Karatasi hiyo ibandike ukutani. Utairudia.

Siku niliyoaibika

Sasa iandike kwenye Python. Mtu anayeanza kujifunza huandika: thamani mpya ni thamani ya zamani jumlisha badiliko mara hatua ya muda. Ni njia ya Euler, rahisi, mistari sita. Nami niliiandika hivyo, hatua ya mikrosekunde 1, nikaanza na mtikisiko wa asilimia 1. Ndani ya milisekunde moja mtikisiko ulikua ukajaza skrini. Nikafurahi kupita kiasi. Nikatengeneza slaidi, nikaandika kwamba modeli inaonyesha jinsi mtetemo unavyokua wenyewe, nikasimama mbele ya watu kumi na mbili.

Mzee mmoja wa pale maabara alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Ukiikata hatua ya muda mara kumi, unakua vilevile?" Sikuwa nimejaribu. Nikajaribu palepale, projekta ikiwa imewashwa. Ule mtikisiko wa asilimia 1 haukufika hata asilimia 2.

Haikuwa fizikia. Euler kila hatua huongeza chumvi kidogo kwenye kitu kinachozunguka: kwa masafa yetu na hatua ya mikrosekunde 1, kiasi cha kuzidisha mtikisiko mara 150 kwa milisekunde. Ukipunguza hatua mara kumi, ongezeko ni mara 1.65 tu. Milinganyo ile miwili yenyewe haikuzi wala haififishi. Ukiianzisha inazunguka ilipo daima. Kilichokuwa kinakua ni kosa langu la hesabu.

Kwa hiyo tumia njia ya Runge-Kutta ya daraja la nne, au kitatuzi kilichomo ndani ya SciPy, maktaba ya Python, ukikaza kiwango cha kosa. Tena uwe na tabia hii kila unapoona mtetemo: kata hatua nusu, endesha upya, weka mistari miwili juu ya grafu moja. Kama haikulaliana, huna cha kumwonyesha mtu.

Kwa nini ya yule kijana ilisinzia

Yeye alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Alitumia kitatuzi kizuri, na aliona kasoro kwenye mlinganyo wa pili: unasema gesi inaingia kulingana na gesi iliyopo. Kwenye injini halisi valvu inaleta miligramu 5 kwa sekunde, iwe ndani kuna gesi au hakuna. Akarekebisha: badala ya gesi × Vg / L akaweka (gesi ya mlangoni − gesi) × Vg / L. Kifizikia yuko sahihi kabisa.

Tazama kinachotokea. Kwa namba zetu, gesi ndani inatulia kwenye 1 × 10¹⁹ na ioni kwenye 7.4 × 10¹⁷, ambazo ni namba za kuaminika. Masafa yanapanda hadi kilohezi 21, bado sawa. Lakini kila pumzi inabakiza robo tu ya iliyotangulia. Baada ya pumzi tatu imebaki asilimia 2. Ndiyo ile picha ya saa tano usiku.

Yaani mlinganyo wenye kasoro unapumua daima kama injini, na uliosahihishwa unakufa. Hapa ndipo wengi hurudi kwenye ule wa kwanza kimyakimya na kuendelea na maisha. Usifanye hivyo. Swali la kujiuliza ni: nani anaulisha mtetemo huu kwenye injini halisi ambaye mimi sijamweka?

Wapo wawili. Wa kwanza ni nafasi. Milinganyo yetu imechukua eneo zima kama sanduku moja, na sanduku moja halijui kwamba gesi ina ukingo unaosogea mbele na nyuma ndani ya mfereji, ukila kuelekea anodi kisha ukirudi. Wa pili ni joto la elektroni. Tuliiganda k kwenye 5 × 10⁻¹⁴, lakini k inapanda mara kadhaa nishati ya elektroni ikitoka eV 10 kwenda 20. Ioni zikipungua, upitishaji wa umeme unapungua, uga unabadilika, elektroni zinapata moto zaidi, na k inaruka. Hara na wenzake wa Michigan walionyesha mwaka 2014 kwamba bila joto la elektroni kuyumba pamoja na mengine, modeli ya sanduku haikuzi mtetemo. Moto wa nyasi na upepo: upepo nao unabadilika.

Kuingia kwenye mstari mmoja

Sasa gawa mfereji. Boeuf na Garrigues kule Toulouse walifanya hivi mwaka 1998, na mpaka leo sijaona njia bora ya kujifunza. Chukua sentimita 5: 2.5 za mfereji na 2.5 za nje, vijisanduku 200, kila kimoja robo milimita. Ioni yenye kasi kubwa kabisa hufika kilomita 21 kwa sekunde, hivyo inavuka kijisanduku kwa nanosekunde 12. Tumia hatua ya nanosekunde 5. Milisekunde moja ni hatua 200,000, kazi ya dakika chache ukitumia NumPy kwa safu nzima badala ya kupita kijisanduku kimoja kimoja.

Kwa kila kijisanduku unafuatilia gesi, ioni, kasi ya ioni, na nishati ya elektroni. Elektroni hazihesabiwi kivyake. Idadi yake ichukuliwe sawa na ya ioni, na hapo ndipo unapoponyoka ile gigahezi 9. Mkondo wa umeme ni uleule kila mahali kwenye mstari. Hivyo kila hatua unaandika uga wa umeme kwa kutumia mkondo usiojulikana, unajumlisha uga kutoka anodi hadi kathodi, unalazimisha jumla iwe volti 300, na mkondo unajitokeza. Jedwali la k kwa nishati mbalimbali za elektroni litengeneze mara moja mwanzoni, usilikokotoe ndani ya mzunguko.

Mtego mdogo uliokula wiki zangu mbili: karibu na anodi ioni hurudi nyuma. Kama msimbo wako unachukua thamani kutoka kijisanduku cha kushoto siku zote, ukidhani kila kitu kinaenda kulia, eneo la anodi litaanza kutoa meno kama msumeno. Angalia alama ya kasi kwenye kila mpaka, ndipo uamue utachukua upande gani.

Mtego mkubwa ni wepesi wa elektroni kuvuka uga wa sumaku. Migongano ya kawaida haitoshi. Elektroni huvuka kwa wingi kuliko nadharia rahisi inavyoruhusu. Watu huongeza kipande cha Bohm, moja ya kumi na sita gawa kwa uga wa sumaku, na mbele yake kizidishi ambacho unakichagua mwenyewe, kimoja kwa ndani na kingine kwa nje. Kwa kizidishi hicho unaweza kupata karibu masafa yoyote unayoyatamani. Ndiyo maana nina sheria moja kali, na wanafunzi wangu wanaijua: rekebisha kizidishi mpaka wastani wa mkondo uwe ampea 4.5, kisha kitie kufuli. Masafa yatakayotoka ndiyo jibu la modeli, yawe mazuri au mabaya. Anayerekebisha kizidishi ili apate masafa hajaiga chochote, amenakili.

Kukagua

Nusu ya hatua ya muda tumeshaisema. Ongeza na vijisanduku: 200, kisha 400.

Hesabu atomu. Atomu 2.3 × 10¹⁹ kwa sekunde, kama zote zikigeuka ioni zenye chaji moja, zinabeba ampea 3.67. Wastani wa mkondo wa ioni unaotoka mdomoni hauwezi kuzidi hapo. Sehemu nyingine ya zile 4.5 inabebwa na elektroni. Kwa kitambo ndani ya pumzi inaweza kupita, kwa wastani kamwe. Mara mbili nimeletewa modeli yenye wastani wa ioni wa ampea 4 na ushee. Hapo kuna zenoni inazaliwa kwenye kompyuta, na kwa bei ya zenoni ilivyo, mwenye modeli hiyo angekuwa tajiri.

Kagua cheche. Ili ioni zisifike sifuri tunaweka sakafu, yaani kiwango ambacho haziruhusiwi kushuka chini yake, tuseme 10¹⁵. Ipunguze mara kumi. Masafa yakihama, basi anayewasha moto ni sakafu yako.

Tupa milisekunde 0.3 za mwanzo. Hifadhi mkondo kila nusu mikrosekunde, pata pointi 2,000 kwa milisekunde moja, pitisha kwenye hesabu ya Fourier inayotenganisha masafa. Dirisha la milisekunde 1 linatofautisha kilohezi moja na nyingine, si zaidi. Usije ukaandika kilohezi 16.37.

Mwisho ondoa volti 300 zisizoyumba. Kati ya pawa saplai na injini kuna kichujio, na koili na kapasita navyo vina masafa yao. Koili ya mikrohenri 100 na kapasita ya mikrofaradi 1 huitikia kwenye hezi 15,900, ileile namba ya nyuma ya tiketi. Ongeza milinganyo miwili ya kichujio kwenye msimbo, badilisha kapasita, utaona pumzi ikinenepa au ikikonda huku injini haijaguswa.

Juzi yule kijana alituma grafu mpya: mistari mitatu, hatua tatu tofauti za muda, imelaliana hata huwezi kuitenganisha. Mkondo unapumua na haufi. Lakini hakuwa na raha.

"Mwalimu, mimi napata kilohezi 13. Vipimo nilivyosoma ni vya juu zaidi."

"Kasi ya gesi umeweka ngapi?"

"200, kama ulivyosema."

"Na hiyo gesi inapita kwenye anodi yenye joto gani?"

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Zenoni yenye joto la kelvini 300 ina mwendo wa wastani wa mita 220 kwa sekunde. Ya kelvini 800 ni 360. Kuta za mfereji wakati injini inafanya kazi haziko kwenye joto la chumba.

"Ngoja kwanza," akasema. Bado namngoja.